Siku Ainembabazi Alipotabasamu Dodoma

Ainembabazi hakuwa mtoto wa kucheka ovyo. Kwao Kimuli, wilayani Kyerwa, watu walimjua kwa uso wake mkavu aliourithi kwa baba yake, Yustus, mtu ambaye hata kwenye harusi alikaa kama anasubiri kusomewa shitaka. Kicheko cha nyumba ile kilikuwa cha mama, Eugenia. Akicheka jikoni, aliyekuwa akipogoa migomba mwisho wa kibanja alinyoosha mgongo asikilize.

Kwa hiyo alipopelekwa shule ya sekondari ya bweni huko Kiruruma, upande wa Karagwe, na Mwalimu Anatolia akamteua kwenye kikundi chake cha wasichana wa mazoezi ya viungo, jambo lililomtoa jasho halikuwa kupiga msamba wala kurusha ringi. Lilikuwa kutabasamu.

Mwalimu Anatolia alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye sauti kali kama filimbi. Mchezo ule alifundishwa chuoni na mkufunzi mgeni, naye akaapa kuuleta Karagwe hata kama watu wangemcheka. Ni mazoezi ya viungo yanayofuatana na muziki. Wasichana watano wanaingia kwenye zulia, kila mmoja na ringi yake, duara jepesi la kushika mkononi, wanazunguka, wanajikunja, wanarushiana ringi hewani na kuzidaka, na majaji wanatazama kama miili mitano inakwenda kama mwili mmoja. Mmoja akikosekana, kikundi hakiingii. Hakuna kucheza wanne.

Walianza kwa vitu vya kuokoteza. Ringi zilikuwa vipande vya bomba jeusi la maji vilivyokunjwa na kuungwa. Zulia lilikuwa maturubai ya kuanikia kahawa, yaliyotandikwa juu ya majani makavu ya migomba ndani ya ukumbi wa parokia. Wanafunzi wavulana walichungulia madirishani wakipiga miluzi. Mwalimu akawaacha wachungulie mpaka wakachoka.

"Wewe Ainembabazi," alisema kila jioni, "mikono yako inaimba, miguu yako inaimba, uso wako umefiwa. Fungua uso!"

Wenzake walikuwa Vero, Therese, Kemilembe na Uwingabire. Huyu wa mwisho ndiye aliyekuwa chanda na pete naye. Uwingabire alizaliwa na wazazi waliotoka Rwanda zamani wakaja kulima vibarua kwenye mashamba ya kahawa. Baba yake, Hategekimana, alikwisha kufariki, akabaki mama na wadogo zake kwenye nyumba ya udongo si mbali na shule. Alikuwa mrefu, mwepesi wa mikono, na katika mchezo wao sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa yake na Ainembabazi: walipeana mgongo, kila mmoja akarusha ringi nyuma bila kutazama, kisha akageuka na kudaka ya mwenzake. Mazoezini walikuwa na neno lao. Anayetangulia kurusha aliita, "Yako!" Wakalirudia neno lile mpaka likaingia kwenye damu, hata siku ya mashindano, ambapo kuzungumza kumekatazwa, kila mmoja akawa analisikia kichwani.

Nyumbani, Yustus hakupendezwa. Alipoonyeshwa picha ya vazi la kuchezea, jekundu, la kubana, alirudisha simu kwa mwenyewe kama aliyeshikishwa kaa la moto.

"Binti yangu atavaa hivi mbele ya watu?"

"Atavaa," alijibu Eugenia. "Na mimi nitakwenda kumtazama. Nikiona haya nitarudi naye siku hiyohiyo."

Akaenda. Siku ya maonyesho ya wilaya pale Kayanga, Eugenia alishuka kwenye bodaboda na kikapu cha ndizi za kuiva kichwani, akaketi mstari wa mbele kati ya maofisa kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia asogee. Muziki ulipokoma na ukumbi ukanyamaza, yeye akapiga vigelegele peke yake. Ainembabazi alitamani zulia limmeze. Baadaye, nje, mama alimpangusa jasho kwa ncha ya kanga.

"Nimeingia nikitafuta mwanangu," alisema. "Nikatazama wasichana watano, nikashindwa kujua wangu ni yupi. Hapo nikajua mmefanya vizuri."

Yustus hakusema tena habari ya vazi.

Mwaka uliofuata kikundi kilishinda Bukoba, kikashinda Mwanza kwenye mashindano ya kanda. Watu wasiojua ringi ni kitu gani wakaanza kuwasimamisha barabarani. Shule ilipata zulia la kweli, lililotumika lakini zima. Halafu ikaja barua ya mashindano ya taifa, Dodoma.

Wakati huohuo Eugenia alikuwa akivimba miguu. Kichwa kilimgonga asubuhi, akakifunga kitambaa na kwenda shambani. Mganga wa zahanati alimwambia presha imepanda, akampa dawa, akamtaka apumzike. Lakini ulikuwa msimu wa kahawa, na Eugenia hakuwa mtu wa kulala kahawa ikidondoka. Ainembabazi alipokwenda kuaga, alimkuta ameketi kwenye kiti chenye mgongo akimenya ndizi, na uso wake nao umevimba.

"Mama, nisiende?"

"Usiende umwachie nani nafasi? Hao wanne watacheza na jiwe?"

Walipofika Dodoma, jioni ya kabla ya mashindano, mama alipiga kwenye simu ya Mwalimu Anatolia, maana wanafunzi hawakuruhusiwa kuwa na simu.

"Babazi, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"Wali na maharage."

"Wali!" Eugenia akacheka, halafu akakohoa kidogo. "Ukirudi nitakupikia chakula cha kweli. Sasa sikiliza. Kesho usiwapelekee watu ule uso wa tata yako. Wape uso wangu."

"Sawa, mama."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho.

Asubuhi Ainembabazi aliamka mwepesi. Aliona tu kwamba Mwalimu Anatolia hakupiga kelele siku ile. Alimsuka mwenyewe nywele, taratibu, jambo ambalo kwa kawaida walifanyiana wasichana wenyewe. Alimmiminia chai na kusimama kando mpaka akaimaliza.  Walipokuwa wakivaa Uwingabire alimfunga Ainembabazi vifungo vya mgongoni, na vidole vyake vilikuwa baridi.

"Unaogopa?" Ainembabazi alimuuliza.

"Kidogo."

"Mimi leo siogopi. Sijui kwa nini."

Uwingabire akainama kutafuta kitu kwenye begi ambacho hakikuwamo.

Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko kanisa lolote aliloliona. Jina la Kagera, mkoa wao, lilipotangazwa, wakaingia watano kwa mstari, muziki ukaanza, na Ainembabazi akafungua uso. Alijisikia mashavu yakipanda yenyewe. Alifikiria kikapu cha ndizi, alifikiria vigelegele vya Kayanga, akacheka kweli, meno nje, mbele ya majaji na taa na kamera. Ilipofika zamu yao ya kupeana mgongo, alirusha, akageuka, na ringi ya Uwingabire ilikuwa ikimngoja hewani kama imetundikwa. Hawakuwahi kucheza vile kabla ya siku ile, wala baada yake.

Walitoka wa pili taifa zima. Vero alilia. Kemilembe akambeba Therese mgongoni. Ainembabazi, na medali shingoni, alimkimbilia Mwalimu Anatolia.

"Mwalimu, naomba simu nimpigie mama!"

Mwalimu akamshika mkono, akampeleka kwenye kijichumba walichobadilishia nguo, akafunga mlango. Uwingabire alikuwa ndani tayari, ameketi sakafuni.

"Kaa, mwanangu."

"Nikae kwa nini?"

"Mama hayupo. Alizidiwa jana jioni baada ya kuongea na wewe. Baba alinipigia alfajiri."

Ainembabazi alimtazama. Tabasamu la zuliani lilikuwa bado halijamwondoka vizuri, na alihisi linakauka usoni kama tope.

"Alfajiri?" aliuliza.

"Alfajiri."

"Twende sasa. Nitamkuta."

Mwalimu akatikisa kichwa. "Wanazika leo, saa hizi. Wazee wamesema mwili haungoji. Hata ungetoka alfajiri, kutoka hapa usingefika Kimuli leo. Nilifikiri... Ningekwambia, mngeshindwa kucheza wote, na bado usingefika."

Ainembabazi akamgeukia rafiki yake. "Wewe ulijua?"

Uwingabire hakuinua uso. "Nilimsikia mwalimu kwenye simu."

"Ukanifunga vifungo."

"Ndiyo."

 Ainembabazi alivua medali, akaiweka juu ya benchi, na ilibidi Therese aichukue, vinginevyo ingebaki Dodoma.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu, naye hakula kitu njia nzima. Alipofika Kimuli alikuta kaburi kando ya kibanja, udongo mwekundu, mashada yameanza kunyauka, na watu wa matanga bado wamekaa uani. Alijitupa pale chini. Hakuna aliyemzuia kwa muda mrefu. Kisha shangazi yake, Placidia, dada wa baba, akaja akasimama juu yake.

"Sasa ndiyo unalia," alisema. "Tulikuona."

Ainembabazi hakuelewa. Binamu mmoja akamwelewesha baadaye kwa kunong'ona. Mtu fulani aliyekuwa ukumbini alirekodi mchezo wao, akautuma kwenye makundi ya simu ya watu wa Karagwe na Kyerwa kwa furaha, na video ikafika msibani wakati waombolezaji wametoka tu kutupa udongo kaburini. Ikapita kutoka mkono hadi mkono. Mtoto wa marehemu, kavaa nyekundu, anaruka, anacheka meno nje, siku mama yake anazikwa. Wapo waliosema huenda hajaambiwa. Wengi walisema hakuna binti asiyeambiwa mama yake amekufa.

Baba mkubwa Rwegasira, mzee wa ukoo aliyeamua saa ya mazishi, alijaribu kuwanyamazisha. Lakini maneno yakishatoka yametoka.

Jioni ile Ainembabazi alimfuata baba yake nyuma ya nyumba, alikokuwa ameketi juu ya gogo.

"Tata, ulimwambia mwalimu anifiche?"

Yustus alibandua ganda la gogo kwa ukucha. "Nilimpigia ili akwambie. Akasema, 'Mzee, ngoja kwanza acheze, nitamwambia mwenyewe.' Nikasema sawa, mwalimu."

"Kwa nini ulisema sawa?"

"Ni mwalimu," alisema Yustus. "Nami kichwa hakikuwepo. Sikujua neno lingine la kusema."

"Hata kama nisingefika, Tata. Ningelia siku ileile. Ningelia wakati mnamshusha. Mimi nilikuwa nawachekea watu."

Yustus aliinua mkono kama anataka kumgusa bega, ukaishia njiani. Walikaa hivyo, baba na binti, nyuso mbili zilizofanana, hakuna anayemtazama mwenzake.

Alitaka kuacha shule. Ni baba yake aliyemrudisha, akimfuata na begi lake hadi kituoni Rubwera, na binti alipopanda Hiace, yeye akasimama nje ya dirisha mpaka gari likaondoka. Kule shuleni Mwalimu Anatolia alimwomba radhi mbele ya wenzake wote, akapiga magoti kabisa, na wasichana wakalia. Ainembabazi alisema, "Simama, mwalimu, nimekusamehe," kwa sababu mtu mzima aliyepiga magoti anatisha. Akarudi kwenye kikundi, maana bila yeye hakukuwa na kikundi, na Vero na Therese na Kemilembe hawakuwa wamemkosea kitu.

Lakini na Uwingabire hakuzungumza.

Si kwamba walitukanana. Alimpisha mlangoni, alimpa chumvi mezani. Walilala kitanda cha juu na cha chini kama zamani. Mazoezini walipeana mgongo na kurushiana ringi, na ringi zilidakwa, maana mikono inakumbuka hata moyo ukikataa. Ila lile neno, "Yako!", Ainembabazi aliliacha. Uwingabire aliendelea kuliita kwa upande wake. Ainembabazi alirusha kimya. Mwalimu aliona, akaogopa kusema. Angemwambia nini tena kuhusu kusema na kunyamaza?

Msimu ule hawakushinda sana. Majaji wa Mwanza waliwaambia kikundi ni kizuri ila kuna msichana mmoja uso wake umefungwa. Mwalimu hakumwambia afungue.

Ilikuwa karibu na mashindano ya taifa tena, mchana wa mvua, na Mwalimu alikuwa ameongeza sehemu mpya ambapo warushaji wanaruka wakati ringi iko hewani. Walipeana mgongo. Uwingabire alihesabu, akangoja, akaruka. Ainembabazi alikuwa amekwisha kurusha, mapema kidogo, bila kuita. Ringi ilimfikia Uwingabire miguuni akiwa anashuka. Mguu mmoja ukaingia ndani yake, goti likageukia upande ambao goti haligeukii. Mlio wake ulisikika kwanza, halafu ukelele.

Ainembabazi ndiye aliyemshika kichwa mpaka gari likaja. Alikuwa akisema neno moja tu, "Yako, yako, yako," na wenzake wakadhani amechanganyikiwa.

Hospitali walisema mishipa ya goti imekatika, na kwamba upasuaji wake hufanyika mbali. Mama yake, mjane kibarua, alimshukuru daktari na kumrudisha mtoto nyumbani. Kikundi kikabaki wanne. Mwalimu Anatolia alijaribu kumwingiza msichana mwingine, ikashindikana, na mwisho wa muhula akahamishiwa shule ya mkoa mwingine. Zulia lilikunjwa likawekwa stoo.

Wiki kadhaa zilipita kabla Ainembabazi hajapata ujasiri wa kwenda. Alimkuta Uwingabire ameketi kwenye jamvi mlangoni, mguu umenyooshwa mbele, anachambua maharage kwenye ungo. Alibisha hodi ingawa walikuwa wanaonana.

"Karibu," alisema Uwingabire. "Kaa. Ungo ni mkubwa."

Wakachambua maharage. Ainembabazi alitafuta pa kuanzia, akakosa, akasema tu, "Sikuita."

"Najua."

"Ningeita..."

"Labda. Labda ningeruka vilevile. Mwenyewe nilikuwa nimechoka." Uwingabire akatupa kijiwe kando. "Mimi nataka nikwambie la Dodoma. Hujawahi kuniuliza kwa nini."

"Kwa nini?"

"Baba yangu alipokufa nilikuwa darasani. Walikuja kuniita tukiwa tunaimba. Nakumbuka tulipofika kwenye wimbo, nakumbuka mlango ukifunguliwa. Tangu hapo kila nikimfikiria baba naanzia kwenye ule mlango. Nikasema wewe hakuna haja ya kuharakisha. Ulikuwa umeamka una mama. Ulisema huogopi. Nikaona nikufunge vifungo tu, uendelee kuwa na mama mpaka muziki uishe." Akatikisa ungo. "Sikufikiria kabisa medali. Mwalimu alifikiria medali. Mimi hapana."

Ainembabazi alilia juu ya maharage. Alilia kilio ambacho hakukilia kaburini, kile cha sauti, na mama yake Uwingabire akatoka ndani, akawatazama wote wawili, akarudi ndani bila kuuliza.

Wangekuwa wamepona siku ile kama mambo yangekuwa mepesi. Hayakuwa. Walirudi kuwa marafiki, lakini urafiki wa watu wanaotembea taratibu, mmoja kwa sababu ya goti, mwingine kwa sababu ya kumwona anavyolivuta. Kuna mizaha ambayo hawakuirudia tena. Muziki wa mchezo wao ulipopigwa siku moja dukani, walitoka nje wote wawili bila kukubaliana.

Shule iliisha. Uwingabire hakupata alama za kuendelea, kwa kuwa siku nyingi za mwaka wa mwisho alizimalizia nyumbani na mguu. Ainembabazi alifaulu, si sana, akapata kibarua cha kusimamia duka la vifaa vya ofisi Rubwera, karibu na ofisi za wilaya. Jumamosi hupanda bodaboda kwenda Kimuli kumpikia baba na kufua nguo za wadogo zake. Placidia hajamwomba radhi mpaka leo. Ainembabazi humsalimia, "Shikamoo, shangazi," naye hujibu marahaba, basi.

Mwaka huu, kahawa zilipoanza kuwa nyekundu, familia ilifanya misa ya kumkumbuka Eugenia. Ainembabazi hakumwalika mtu. Asubuhi, wanawake wakiwa wamejaa uani na visu, aliona mtu anaingia kwa mguu mmoja mzima na mmoja wa kuburuta, kanga imefungwa kiunoni. Uwingabire alikuwa ametoka Kiruruma kabla ya jua, akabadilisha pikipiki njiani, na sehemu ya mwisho, ambako barabara imekatika kwa mvua, ameitembea.

"Huyu ni nani?" Placidia aliuliza kwa sauti.

Wanawake wakageuka kumtazama. Baadhi yao walikuwa wameiona ile video, na katika ile video alikuwemo msichana mrefu.

"Huyu ni mwenzangu," alisema Ainembabazi. "Ndiye aliyekuwa nami siku mama alipozikwa."

Uwingabire aliwasalimu wakubwa mmoja mmoja, akainama kwa shida kwa kila aliyepaswa kuinamiwa. Kisha akaomba kisu. Yustus, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, aliingia ndani akatoka na kiti, kiti chenye mgongo, kile ambacho mkewe alikuwa akikalia miezi ya mwisho miguu ilipovimba, akakiweka katikati ya wanawake waliokaa chini.

"Kaa hapa, binti," alimwambia. "Nyoosha mguu."

Uwingabire akakaa. Ainembabazi akamsogezea beseni la ndizi, akaketi chini pembeni yake, na wakaanza kumenya.